Karte Tatu za Mama Mukubwa Thérèse

Mama mukubwa Thérèse, dada ya mama yangu, anauza bunga ya muhogo ku soko ya Ndosho, hapa Goma. Mbele alikuwa na shamba ya viazi kule Masisi. Vita ilimushusha mpaka kwetu, na sasa tunalala naye chumba kimoja. Tangu mabanki yafunge milango mu muji wetu, watu wa soko wanaweka feza kwa karte. Ni kikaratasi kigumu chenye kaze, vile vyumba vidogo vya kupigia alama, moja kwa kila siku ya mwezi. Papa wa karte, mwenye kukusanya feza, anapita kila jioni, unamupa kiasi mulichopatana, anapiga alama mu kaze moja. Mwisho wa mwezi anakurudishia yote, ila kaze ya kwanza ni mushahara wake.

Mama mukubwa ana karte tatu, kwa mapapa watatu. Kule Sake, alikokimbilia kwanza, aliwekaka feza yote kwa mutu mumoja. Siku mabomu yalianguka, mutu yule alipanda pikipiki, na mpaka leo hajaonekana. Basi akajisemea: wakikimbia wawili, mumoja atabaki. Tena aliamini kwamba mwenye karte nyingi ndiye anayeaminiwa.

Na kuaminiwa ndiko alikuwa anatafuta. Ku depo, gala ya bunga, patro Mahamudi mwenye depo anakukopesha mufuko wa bunga kama papa wa karte anakusimamia, na papa anakusimamia kama kaze zako hazina mashimo, ni kusema siku bila alama. Mimi nilishangaa: kumbe kikaratasi kinaweza kusema wewe ni mutu wa namna gani! Sasa vikaratasi vya mama mukubwa vilikuwa na mashimo, vyote vitatu. Faida ya bunga ni kidogo. Akilisha hiki, kile kinalala njaa. Mufuko wake wa bunga ulikuwa umeisha, meza iko tupu. Meza ikikaa tupu, kamati ya soko inaipatia mukimbizi mwingine, na wakimbizi si kitu kinachokosekana hapa.

"Navunja mbili," alisema asubuhi moja. "Nabaki na moja, niijaze vizuri."

Tulianza na Papa Yuma, mumoja wa wale mapapa watatu, muzee wa Maniema anayekaaka mbele ya duka ya mafuta.

"Papa Yuma, nirudishie feza yangu. Navunja karte."

Yuma aliweka kikombe cha chai chini. "Mama Thérèse, uko unaenda wapi?"

"Siendi popote."

"Kila mutu anasemaka hivyo."

Shakila, muuza sombe, majani ya muhogo, wa pale karibu, akasikia. "Ee! Thérèse anavunja karte! Watu wa Masisi wanajuaka mambo mbele yetu. Wamekupigia simu, siyo? Vita inarudi?"

"Shakila, funga kinywa!"

"Nifunge kinywa, mabomu yafungue vinywa vyao? Papa Yuma, na mimi nipe yangu!"

Wamama wakaanza kuja, kila mumoja akifungua fundo ya kitenge na kutoa karte. Hatukuwa tunajua kwamba hapa Goma, kuvunja karte katikati ya mwezi ni kama kufunga godoro juu ya pikipiki: watu wanajua unakimbia.

Yuma alimuvuta mama mukubwa nyuma ya duka. Nikafuata. Jasho lilikuwa linamushuka.

"Mama, feza yao nyingi nimeikopesha wenye maduka, itarudi mwisho wa mwezi. Wakidai wote leo, nimekwisha. Waambie ulikuwa unachekesha."

Mama mukubwa alimuwekea karte mu mukono. "Basi nisimamie kwa Mahamudi."

"Na mashimo haya yote?"

"Mashimo unayaona wewe. Wao wanaangalia tu kama navunja ao naacha."

Muzee alipanguza uso. "Sawa. Lakini karte unashika. Na zile zingine mbili pia. Ukivunja hata moja, watanirudilia."

Mama mukubwa akatoka, akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake. "Shakila, nilikuwa namujaribu muzee tu, nione kama atalia!"

"Karibu alie," Shakila akasema, akirudisha karte yake mu kitenge. Lakini alizidi kutuangalia.

Mufuko ulifika muchana, meza ikabaki yetu. Jioni Papa Yuma akapita na kalamu yake. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Shakila alikuwa anaangalia, na mama mukubwa akawalipa wote na kuwatania.

"Mama mukubwa," nikamuuliza tukiwa peke yetu, "mutu anahitaji karte ngapi?"

"Moja. Ile anaweza kujaza."

"Na wewe?"

Alifunga mudomo wa mufuko kwa kamba, akakaza, nisichote bunga ya kusonga ugali.

"Mimi, tatu," akasema. Tukakunywa chai tupu, tukalala.