Mtoto wa Picha

Nilisikia pumzi kabla sijamwona mwenyewe: pumzi nzito ya mdomoni, kama ya mtu anayepuliza kuni mbichi. Ilitoka nje ya mlango wa zahanati ya Cheyo. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nimechoka.

Wiki nzima nilikuwa mkalimani wa daktari Mzungu aliyetafuta ugonjwa mmoja tu: uvimbe unaoota kwenye taya la mtoto na kulegeza meno. Alitaka kujua uko wapi na wapi haupo. Alidhani unafuata joto na mvua, pengine mbu ndio wanaoueneza. Alikuwa na ramani, na picha ya mtoto mmoja mwenye uvimbe huo. Kila kituo niliinua ile picha nikauliza, “Mmewahi kumwona mtoto huyu?”

“Hatumjui,” walijibu watu wa Goweko.

Huko Urambo mama mmoja aliniuliza, “Karani, kwani kapotea?”

Mwenzake akadakia, “Muulize huyo bwana wako, labda ni wa kwake.”

Walicheka. Nami nikatafsiri kwamba hawajauona uvimbe huo. Daktari akachora sifuri kwenye ramani.

Sasa yule mwenye pumzi aliingia, akiwa mgongoni kwa mama yake, kafunikwa kanga hadi machoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.” Aliitazama picha mezani. “Huyu simjui.” Akafunua kanga. “Wangu ndiye huyu.”

Taya la kushoto la binti yule lilikuwa limejaa hadi chini ya jicho. Bibi yake alikuwa amekwisha kumng’oa meno mawili, akidhani ni jino baya.

Hapo nikaelewa kwamba wiki nzima nilikuwa nikiuliza habari za mtoto wa picha, si za uvimbe. Nikamwambia daktari. Hakunigombeza. Alisugua sifuri ya Urambo kwa kidole gumba, wino haukutoka. Treni yetu ilikuwa jioni ile ile, hapakuwa na muda wa kurudi. Alimpapasa mtoto taratibu, akauliza maswali, akaandika.

“Anauliza kama kwenu kuna mbu.”

“Mbu wanatuuma wote. Mbona kavimba huyu peke yake?”

Nilitafsiri. Daktari akasema hilo ndilo asilolijua.

“Na dawa?”

Daktari alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

“Kumbe mmekuja kujua, hamkuja kutibu.”

“Kujua kwanza, mama,” nilimwambia.

Mama alimfunga mtoto upya, akakaza fundo la kanga kifuani. Ile pumzi ikapita karibu na sikio langu. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, kana kwamba wagonjwa ni sisi, anatuacha tulale.