Mikono ya Mama wa Mapacha

Nilipokuwa mtoto pale Ilala, mwanamke akizaa mapacha alipewa kazi ambayo hakuisomea. Watu waliamini mikono yake ina baraka: akimchua aliyeteguka, anapona. Jirani yetu Mama Kulwa alikuwa muuza vitumbua. Alipojifungua Kulwa na Doto, mtaa mzima ukaanza kumpelekea vifundo vya miguu. Hata mimi alinichua changu, nikarudi mpirani. Leo najua kingepona hata angekichua paka.

Mdogo wangu Zuhura, wa miaka sita, alianguka kutoka juu ya belo la mitumba la baba. Kiwiko kikavimba. Mama akakitazama mara moja.

"Ameteguka huyu."

Neno hilo ndilo lililotuponza. Angesema amevunjika, tungeenda hospitali. Kuteguka kulikuwa kwa mama wa mapacha, kuvunjika kwa daktari, na aliyeamua lipi ni lipi alitumia macho tu.

Mama Kulwa akapasha mafuta ya nazi, akaniambia nimshike Zuhura miguu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Akavuta mkono.

"Kaka, mwambie aache."

"Mshike, we mwanaume gani?" Mama Kulwa akanicheka. "Akilia ndo unarudi huo."

Nikamshika. Siku tatu nilimshika. Siku ya nne vidole vikawa vya baridi, kijiko kinamponyoka, ndipo tukaenda hospitali. Picha ikaonyesha mfupa umevunjika juu ya kiwiko.

"Nani kauvuta huu mkono?" daktari akauliza.

"Hajavutwa, dokta," mama akasema. "Tulimpaka mafuta tu."

"Kavutwa," nikasema. "Siku tatu. Mimi nilimshika miguu."

Mama alinizaba kofi palepale. Zuhura alipasuliwa, lakini mpaka leo mkono ule wa kulia haunyooki, na dukani kwake Kariakoo vitambaa anapimia mkono wa kushoto.

Sina ugomvi na mafuta. Mama anayempapasa mwanawe taratibu mpaka akalala hamdhuru mtu. Kinachonichoma ni mtu kuvuta kiungo cha mtoto asichojua ndani kimekuwaje, halafu kilio akakiita kupona. Mtoto ana namna gani nyingine ya kusema unaniumiza? Na Zuhura aliniomba mimi, hakumwomba mama.

Mwaka juzi mke wangu alijifungua mapacha. Arobaini haijaisha, jirani akabisha hodi na mwanawe, mkono unaning'inia.

"Shemeji, mama pacha atuchulie kidogo."

"Mama pacha ni fundi cherehani. Mpeleke hospitali."

"Una roho mbaya, shemeji."

"Ninayo. Twende."

Nikavaa viatu, nikawapeleka mwenyewe. Yule mama mpaka leo salamu yangu anaiitikia nusu. Mtoto wake amepona, anarusha mawe kwenye bati langu kwa mkono uleule. Mimi hutoka nikamfokea, ila humwacha kwanza arushe mawili matatu.