Upinde wa Upande wa Nandi

Harufu ya mahindi yaliyoloa hunikasirisha mpaka leo. Ina utamu kidogo na uchachu, na ikinipata sokoni Shinyalu hugeuka nikaenda zangu bila kuaga mtu.

Nilikuwa darasa la nne. Mavuno yetu yote, chakula cha watu wanane hadi Agosti nyingine, tulikuwa tumeyapukuchua kwa mikono mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kwetu Agosti mvua hainyimi mtu, kwa hiyo kuanika kulikuwa kwa amri, na mwenye amri alikuwa mama yake Baba, tuliyemwita Kukhu. Sheria yake ilikuwa moja: upinde wa mvua ukitokea, mvua imefungwa, anikeni.

Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku kwenye turubai, basi nilipata muda mwingi wa kutazama juu. Niliona kwamba upinde husimama mkabala na jua, kila mara. Jua la alasiri likiwa mgongoni kwako, upinde uko mbele, upande wa milima ya Nandi. Na mvua yetu ya alasiri hutoka wapi? Huko huko Nandi! Upinde ule haukufunga kitu. Lilikuwa jua linapiga mvua iliyokuwa njiani kuja kwetu.

Siku hiyo manyunyu ya mchana yalipita, jua likatoka, na upinde ukasimama mzima mzima. Kukhu akaita tuanike. Nikaunyooshea kidole.

"Kukhu, hiyo mvua inakuja. Inatokanga huko."

"Unaonyesha upinde na kidole? Kitaoza!" Akamgeukia mama yangu. "Mama Mmbone, huyu mtoto unamfunzanga nini?"

Mama akanizaba kofi, nikaona nyota mchana. Tukaanika.

Hatukumaliza hata gunia la mwisho. Mvua ilikuja na mawe yake, ikasomba nusu ya mahindi mpaka mferejini, na yaliyobaki yakaota na kushika ukungu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi tulilisikia, tukala ugali mchungu mpaka Krismasi, na kila mlo Kukhu alisema ni kidole changu kilichochokoza mvua. Nilimchukia, sifichi. Nilimchukia mpaka tukamzika.

Mwaka jana, tukichambua maharage, nilimweleza Mama habari za jua na upinde, nikijiona mwalimu. Akacheka.

"Hiyo nilikuwa naonanga hata kabla nikuzae."

"Na hiyo siku?"

"Niliona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini, Mmbone? Mimi nilikuwa nimeolewa tu kwa hiyo boma. Hiyo boma ilikuwa yake."

Akaendelea kuchambua. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemkasirikia mtu ambaye kweli hakujua. Mama alikuwa ameiona mvua, na bado alinipiga.