Mama kaifunika laptop yangu kitambaa

Leo mama kaifunga laptop yangu, halafu kaifunika kitambaa.

Kile cheupe cha kufuma, mnakijua. Kwetu TV inacho, redio inacho, hata ndoo ya maji ya kunywa inacho.

Sasa kwenye hiyo laptop kulikuwa na video yangu inatumwa. Ya kuombea nafasi ya mafunzo ya kusindika zabibu. Mwisho wa kupokea ni leo, na mtandao wa hapa Hombolo unavyojikokota mnaujua. Niliianzisha asubuhi nikaenda shambani.

Narudi, nakuta kitambaa.

"Mama, umeifunga?"

"Si umeiacha wazi na upepo huu? Vumbi lote linaingia humo."

Laptop ikifungwa hulala, na video inakatikia njiani. Nilikaa chini, sakafuni kabisa. Nafasi hii nimeisubiri mwaka mzima.

Mama akaigusa. "Mbona ina joto kama mtu mwenye homa?"

Joto? Laptop iliyolala huwa ya baridi.

Ndipo nikakumbuka. Jumapili mama alitaka nyimbo za kwaya huku anafuma, ila vumbi hataki. Nikaiseti isilale hata ikifungwa, imwimbie ikiwa imefunikwa. Nikasahau kuirudisha ilivyokuwa.

Nikafunua. Nikafungua.

"Video yako imepokelewa."

Mama kasoma mwenyewe, kairudishia kitambaa, kaenda kubandika maji ya ugali.

Wenye mama wa vitambaa, semeni, kwenu kimefunikwa nini leo?

Mimi nimeshamwambia wangu afume kingine. Nikichaguliwa, hiki naondoka nacho.