Vidonge Chini ya Tabaga

Dada yangu alipougua homa ya matumbo nilikuwa na miaka kumi na minne, na sisi wa Kibra bado tulikuwa tunateka maji kule chini kwenye bwawa la Silanga, ng'ombe wakinywa upande wa juu yetu. Dresa, yule msaidizi wa daktari pale zahanati, alimpa mama vidonge vya wiki mbili, akasisitiza kisiachwe hata kimoja. Siku ya tano homa ikashuka, dada akaomba chai, akaanza kunitukana kama kawaida yake. Wallahi nilifurahi.

Sasa, binti wa jirani naye alikuwa amelala na homa hiyo hiyo. Kwetu Wanubi, kitu kikibaki hakilali nyumbani na jirani ana shida. Mama akavitia vidonge vilivyobaki kwenye sahani, akafunika kwa tabaga, ule mfuniko wetu wa kusuka wa kufunikia chakula, akanituma. Nilipeleka mbio, najiona mtu mwema kweli.

Binti wa jirani alipona. Dada yangu, baada ya wiki mbili, homa ikamrudia, na safari hii hakuwa na nguvu ya kumtukana mtu. Dresa akaja mwenyewe nyumbani. Jirani alikuwepo, amekaa kitandani akimpangusa dada miguu kwa kitambaa cha maji. Dresa akamuuliza mama kama dada alivimaliza vile vidonge.

"Alivimaliza vyote," mama akasema.

Dresa akashusha pumzi. Alisema basi ugonjwa huu umeishinda dawa ile, hakuna haja ya kumpa tena. Angetafuta nyingine mjini. Mimi nilikuwa mlangoni, najua kila kitu, nikanyamaza. Mtoto hamsahihishi mama yake mbele ya watu. Upuuzi mtupu, lakini nilinyamaza. Hiyo dawa nyingine haikufanya lolote. Tulimzika Ijumaa.

Arubaini ilipopita nilimfuata mama jikoni, nimejaa hasira, nikamuuliza kwa nini alidanganya. Hakuacha kukanda unga.

"Jirani alikuwa ameshika miguu ya mtoto wangu," akasema. "Ningemwambia binti yake amekula dawa ya wangu?"

Kesho yake yule binti alinisalimu njiani, mzima, amenawiri. Nikampita kama simwoni. Nilimfanyia hivyo mpaka alipoolewa, na hajawahi kujua ni kwa nini.