Chaki kwenye Mguu wa Mackrine

Mackrine Byarugaba ameketi mlangoni pa karakana yake kijijini Nyakakika, Karagwe, mguu mmoja uko chini, mwingine uko mezani. Anakipaka mafuta ya taa kifundo cha ule wa mezani, anakifuta kikakauka, kisha anakisugua chaki nyeupe. Halafu anakodoa macho na kusubiri.

"Penye ufa mafuta hujificha. Ukipaka chaki, yanatoka yenyewe kama mwizi aliyesikia njaa," anasema.

Mama huyu wa miaka 47 ni fundi wa kuchomelea. Kwa miaka kumi na tisa amekagua hivyo mashine za kukoboa kahawa kila msimu unapokaribia. Mguu alikatwa mwaka 2016 baada ya ajali ya pikipiki. Kifundo alichopewa ni cha titani, kilichojengwa na mashine inayoyeyusha unga wa madini hayo tabaka juu ya tabaka. Ni chepesi, hakishiki kutu, na sifa zake ni kedekede.

Sifa hazimbabaishi Mackrine. "Chuma hakivunjwi na mzigo mmoja. Kinachoshwa na uleule kila siku. Mimi napiga hatua elfu sita kwa siku, na vilima vya kwetu unavijua."

Wiki tatu zilizopita chaki ilimwonyesha mstari mwembamba kuliko unywele. Binti yake Joanitha anaolewa Jumamosi hii kule Rugu, na mama ameapa kumsindikiza kwa miguu hadi kanisani, kilomita mbili za mlima mtupu.

Alimpigia simu Nestory, fundi wa viungo bandia.

"Shikamoo mama. Hicho ni cha kudumu miaka mingi," Nestory alimtuliza.

"Marahaba, mwanangu. Basi njoo ukiambie chenyewe."

Nestory alikuja, akakichukua na kukipasua. Ndani alikuta kitundu kidogo, mahali unga haukuyeyuka sawasawa. Ufa ulianzia hapo.

"Asingekuwa mama huyu, kingekatika mlimani," anakiri.

Alipoleta kipya, Mackrine alikipapasa kwa kidole akamrudishia. Kilikuwa kinakwaruza, na ufa hupenda kuanzia panapokwaruza. Nestory alikisugua siku nzima hadi kikateleza.

Sasa dakika kumi zimepita. Chaki bado nyeupe pe. Mackrine anacheka, anauvaa mguu wake na kusimama.

Baada ya harusi atawafundisha wenye miguu bandia wa Karagwe na Kyerwa kujikagua kwa chaki. Ila kwanza kuna ule mlima.

"Wamenitafutia pikipiki ya kunipandisha," anasema. "Waambie wampakie Nestory na madumu ya pombe ya rubisi. Mimi napanda kwa miguu yangu yote miwili."