Kitambaa cha Bobini

Mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bibi Pindo, na jina hilo alilifanyia kazi. Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa amekunja na kushona mapindo ya sketi, magauni, mapazia na mashuka, na hakuna hata moja lililorudi kwake limefumuka. Hilo alilisema mwenyewe, na ukimuuliza mara mbili alilisema mara mbili. Alikaa ghorofani, vyumba viwili vya sakafu ya mbao, kimoja cha kulala na kimoja cha cherehani. Ngazi ya kushukia uani ilikuwa na vidato kumi na tisa, na miguu yake ilivijua hata macho yakiwa yamefumbwa.

Tangu mumewe atangulie mbele ya haki, kiti cha dirishani hakikuwa na mtu. Cherehani likinyamaza, nyumba nayo inanyamaza. Basi alasiri moja ya Jumamosi binti yake, nesi wa wodi ya watoto, akapanda akiwa amekumbatia kapu, na kapu lenyewe lilikuwa linahema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Usinune kwanza. Chungulia."

Ndani mlikuwa na kitoto cha mbwa wa aina ile ndogo, wasiokua wakampita paka. Rangi yake chai ya maziwa, masikio yake kama vipande viwili vya mahameli vilivyokatwa na fundi asiyepima.

"Nimezaa wanne, nimewalea, nimewasomesha, nimepumzika," akasema Bibi Pindo. "Leo unaniletea wa tano, tena mwenye mkia?"

"Mjaribu wiki mbili tu, mama. Ukishindwa, mwenzangu wa wodini atamchukua. Ana bustani."

Neno "ukishindwa" lilimchoma. Kijibwa aliteremka kapuni, akaizunguka miguu ya cherehani mara tatu, akapanda juu ya kanyagio, akajikunja na kulala. Alasiri ile hakuna kilichoshonwa. Bibi Pindo alikaa na mikono mapajani, jua likitambaa mbaoni polepole kama mtu asiye na anakokwenda, na pumzi za yule mdogo zikapanda na kushuka mpaka na zake zikafuata. Jua lilipofika ukutani, alikuwa keshampa jina. Alimwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka chini ya sindano, maana naye hakuweza kulala bila kuzunguka kwanza.

Tabu ilikuwa kwamba Bobini alizunguka vilevile kabla ya kukojoa, na alikojoa popote usingizi ulipomwachia. Siku ya tatu, tone likapenya kati ya mbao mbili. Haikupita dakika, ngazi ikalia. Alikuwa mama mwenye nyumba, aliyekaa chini, mwanamke wa mwili na sauti, rika lake Bibi Pindo tangu walipokuwa wanasukana nywele.

"Shoga! Dari langu linakojoa!"

"Ni maji ya kudekia."

"Maji ya kudekia! Mie nimelea sita, harufu hiyo siiulizi jina." Akamwangalia Bobini, Bobini akamtingishia mkia. "Usinitongoze, wewe. Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, Bibi Pindo. Tone jingine likiangukia meza yangu, huyu aende huko kwenye bustani aliyoisema binti yako."

Mwenye nyumba aliposhuka, Bibi Pindo alifuta mbao kwa siki na maji, akainuka akishika kiuno, akaona kwamba kijibwa amelala tena kanyagioni. Hapo ndipo alipojua kuwa hataki aende. Lilimjia kimyakimya, kama mtu anavyogundua kwamba mvua imeacha kunyesha.

Sasa atamfundishaje? Akarudi nyuma, nyuma kabisa, kwa mama yake. Akamwona amekaa kwenye kigoda asubuhi, mtoto kamkalisha juu ya nyayo zake mbili zilizounganishwa, akimwambia kwa sauti ya chini, "Shiii, shiii." Bibi Pindo mwenyewe alikojozwa hivyo, na wadogo zake, na watoto wake wanne. Mbwa ana tofauti gani?

Akafungua gunia la mabaki. Watu wengine wangetandika gazeti, lakini fundi ana vitambaa. Akachagua kimoja kizito cha bluu, akakikunja mara nne, akakipiga mshono pande zote na pindo juu yake, akakitandika pembeni ya mlango. Bobini akiamka, huyo kitambaani. Akila, kitambaani. Akimaliza kuchezea kipande cha uzi, kitambaani. "Shiii." Siku ya kwanza Bobini alimwangalia tu. Siku ya nne alikwenda mwenyewe, akazunguka mara mbili, akamaliza, akageuka kuuliza kama ameonekana. Bibi Pindo akampigia makofi, akampa kipande cha nyama kilichochemshwa.

"Siku nne!" alimwambia binti yake kwenye simu. "Wewe ulinichukua miaka miwili na nusu."

"Mama, jamani, niko kazini."

Kesho yake alikuwa anashona mapazia ya mama mwenye nyumba, kitambaa kirefu kilichoteremka mezani kikajimwaga sakafuni kama maji ya bluu yasiyo na mwisho. Cherehani likaimba. Mchana ulikuwa mzito, wa kusinzia, na Bibi Pindo alikuwa mbali, ameketi na mumewe dirishani wakihesabu miavuli ya wapita njia. Aliposhtuka, Bobini alikuwa amesimama katikati ya pazia. Akazunguka mara mbili. Akamaliza. Akageuza uso kumtazama, mkia juu, akisubiri makofi yake.

Ndala ilikuwa tayari mkononi. Ikabaki hewani. Kijibwa hakukimbia, wala hakujikunyata. Alikuwa anamtazama kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata zote. Na kweli alizipata zote. Aliambiwa kitambaa kilicho sakafuni ndicho choo chake. Kwa kuishi na fundi, nyumba nzima ilikuwa choo.

Bibi Pindo akaishusha ndala, akavaa.

Pazia lilikuwa zito, halikupitisha tone. Akalifua, akalianika uani. Mama mwenye nyumba akatoka na kikombe chake cha chai.

"Mbona pazia langu linafuliwa kabla halijatundikwa?"

"Chaki," akasema Bibi Pindo. "Chaki ilizidi."

"Haya," akasema mwenzake, akanywa chai.

Uongo ule mdogo ulimfuata siku zote zilizobaki. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja, na kazi ilikuwa haijafanyika. Alikaa akafikiri kama anavyofikiri juu ya gauni lililokatwa vibaya. Hulitupi. Unalipunguza kidogo kidogo mpaka likae.

Alfajiri iliyofuata alichukua mabaki yote na kila chenye kuning'inia, akavitundika juu. Akateremka vidato kumi na tisa, Bobini kifuani, kile kitambaa cha bluu mkononi bado kina harufu yake. Akakitandika kwenye nyasi nyuma ya bomba. "Shiii." Ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka, kamba za kuanikia zilielea bila nguzo, na yeye mwenyewe na khanga yake alijiona kama mtu aliyesahauliwa ndani ya ndoto ya mwingine. Bobini akanusa nyasi, akanusa kitambaa, akamaliza.

Kesho yake akakikata kitambaa kikabaki nusu. Siku ya pili yake, robo. Mara sita, mara saba kwa siku, alishuka na kupanda, magoti yakimlaani. Kikawa cha ukubwa wa leso, kikawa cha ukubwa wa kiganja. Ijumaa zilibaki nyuzi tatu tu majanini. Bobini alizizunguka nyuzi zile kama zulia la kifalme.

Jumamosi mama mwenye nyumba akapanda, akiwa amevaa gauni jipya lililomzidi urefu, likiburuta nyuma.

"Nimekuja kupimwa pindo," akasema, "na kumpima huyo."

Bibi Pindo akapiga magoti, pini sita mdomoni, akaanza kukunja. Hapo akamwona Bobini ameamka. Akajinyoosha. Akaja mpaka kwenye ncha ya gauni iliyotanda sakafuni, akainusa. Akazunguka mara moja. Bibi Pindo alitaka kusema shiii, alitaka kusema hapana, alitaka kumwita Mungu, pini hazikumruhusu. Mama mwenye nyumba naye aliona, akasimama wima kama mtu anayepigwa picha.

Bobini akasita na mguu mmoja juu. Kisha akaliacha gauni, akaenda mlangoni, akakwaruza.

Bibi Pindo alimbeba akashuka vidato vyote kumi na tisa, pini bado mdomoni. Nyuma ya bomba zile nyuzi hazikuonekana tena. Bobini akatafuta mahali pake kwenye nyasi tupu, akazunguka mara mbili, akamaliza. Juu dirishani mama mwenye nyumba alikuwa anatazama.

Aliporudi alizitema pini kiganjani, moja moja. "Lile pazia," akasema. "Haikuwa chaki. Alikojoa. Na si kosa lake, mimi ndiye niliyemfundisha vibaya."

"Chaki ingekuwa na harufu ile, nani angekaa darasani?" Mwenzake akajitupa kwenye kiti cha dirishani, gauni na yote. "Nilikuwa nangoja tu uniambie. Hiyo kazi ya kukata kitambaa nimeitazama wiki nzima, na chai yangu. Abaki. Lakini nipandishie vidole viwili, nisije nikamjaribu tena."

Simu ikalia, ni nesi. "Mama, mwenzangu anauliza, aje na kapu?"

"Mwambie hiyo bustani apande mchicha."

Akavuta kiti kwenye cherehani, akatafuta kanyagio kwa mguu, akagusa kitu laini chenye joto. Bobini alikuwa keshalala. Bibi Pindo akarudisha mguu taratibu, akatunga uzi kwenye sindano ndogo, akaanza kulishona pindo kwa mkono.